Mazembe wajenge upya kwa watoto wenye karatasi, si kwa majina makubwa

KAPATA, KOLWEZI – Tangu TP Mazembe walipotolewa katika Ligi ya Mabingwa Afrika ya msimu wa 2024-2025, wakiwa wa mwisho katika kundi lao nyuma ya Al Hilal ya Sudan, MC Alger ya Algeria na Yanga ya Tanzania, mabishano hapa Kapata hayajaisha. Kwenye radio, kwenye meza za mama wanaouza mikate, kwa vijana wanaorudi machimboni na vumbi mpaka kwenye kope, swali ni lile lile: ekipi hii ijengwe upya vipi?

Majibu yanayosikika zaidi ni mawili. Kuna wanaosema mwenye timu afungue mfuko, alete majina makubwa kama zamani. Kuna wanaosema wachezaji wote wafukuzwe, kocha naye aondoke, kazi ianze upya. Wote wanapiga meza na wote wanapigiwa makofi. Wakishanyamaza, jibu lililobaki ni lile la wakati wa Mazembe ya 2010, kwamba ilikuwa nzuri. Hilo kila mtu analijua.

Kuna jibu la tatu, la sauti ya chini. Linatoka kwa papa mmoja wa Kapata ambaye asubuhi anauza uniti za simu na jioni anafundisha watoto balo kwenye kiwanja kisicho na majani. Watoto wake wanatoka pande nyingi. Wengine ni wajukuu wa wafanyakazi wa Gécamines waliojengewa kambi hapa. Wengine ni wa familia zilizohamishwa na migodi katika mitaa mingine ya Kolwezi. Wengine wazazi wao wametoka Kasai kutafuta maisha. Papa huyu hakusomea ukocha Ulaya. Lakini ana njia yake ya kuangalia timu, na inafaa isikilizwe. Anasema kila anayetaka kujenga ekipi upya ajibu maswali matatu, kwa mpango huu: nani anabaki, nani anakuja, na nani anakua.

Nani anabaki

Kijana wa miaka 15 leo hakuiona Mazembe ikichukua Ligi ya Mabingwa mwaka 2009 na 2010. Hakuona Desemba 2010 kule Abu Dhabi, Mazembe walipoifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa klabu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Inter ya Milan waliwafunga 3-0 katika fainali hiyo, lakini watu wa Katanga walilala wakiimba. Mwaka 2015 kombe la Afrika likarudi tena Lubumbashi, baada ya kuishinda USM Alger nyumbani na ugenini. Ukiongeza yale mawili ya 1967 na 1968, wakati klabu ikiitwa Englebert, ni makombe 5.

Watu wanapoyakumbuka hayo wanataja wafungaji. Papa wa Kapata anataja watu wa nyuma: kipa Robert Kidiaba, na mabeki Joël Kimwaki na Jean Kasusula. Walikuwepo wakati wa kombe la 2009, la 2010, na la 2015 pia. Katika miaka hiyo sita makocha walibadilika, kutoka Diego Garzitto mpaka Lamine N'Diaye mpaka Patrice Carteron. Washambuliaji walikuja na kwenda. Wale watatu walibaki, na kila mgeni aliyefika aliwakuta mlangoni. Waliwafundisha wageni namna ya kucheza Lubumbashi, namna ya kuvumilia dakika 90 kule Tunis au Cairo, na namna ya kukaa kimya baada ya kufungwa.

Familia za Kolwezi zilizohamishwa zinaelewa jambo hili kuliko mtu yeyote. Mwaka 2017, nyumba za sehemu ya Kasulo zilipoondolewa ili kobalti iliyo chini yake ichimbwe, kila familia ililazimika kuamua nini kipande kwenye gari na nini kiachwe. Mtu anayebeba kabati la kioo akaacha bati na milango hufika kwenye kiwanja kipya akalala nje na kabati lake. Mwenye akili hutangulia kung'oa vile ambavyo bila hivyo hakuna nyumba. Kabati litanunuliwa siku nyingine.

Kwa hiyo, kabla ya kununua yeyote, viongozi wa timu iliyoanguka wakae wajiulize: bati letu ni nani? Mara nyingi ni watu 4 au 5 tu, yaani kipa, beki wa kati, kiungo mmoja anayesikilizwa na wenzake, na mmoja anayejua kufunga. Hao waongezewe mkataba mapema. Sheria ya FIFA inasema mchezaji akibakiwa na miezi 6 ya mkataba anaweza kusaini na klabu nyingine bila klabu yake kupewa kitu. Klabu inayongoja mpaka miezi hiyo 6 imejipora yenyewe. Anayetaka kuondoka auzwe akiwa bado na mwaka mmoja au zaidi, pesa iingie, nafasi yake ijazwe mapema.

Wale wanaosema wote wafukuzwe wanasahau kwamba timu ikifukuza wote haina wa kumfundisha mgeni. Wageni 11 wakikutana siku moja kwenye kiwanja, kila mmoja anacheza kama alivyocheza kwao.

Nani anakuja

Mwaka 2011 Mazembe walikutana na Simba ya Dar es Salaam katika Ligi ya Mabingwa. Mazembe walishinda 3-1 nyumbani na 3-2 ugenini. Mechi hizo mbili zilileta mambo mawili, moja tamu na moja chungu, na yote mawili yanahusu kujenga kikosi.

Tamu ni hili. Katika timu ya Simba alikuwepo kijana wa miaka 18 aitwaye Mbwana Samatta. Mwaka huo huo alisaini Mazembe. Hakuwa jina kubwa hapa. Wengi Katanga hawakumjua. Akapewa muda. Mwaka 2015 alifunga mabao 7 katika Ligi ya Mabingwa, na CAF ikamchagua mchezaji bora wa mwaka kati ya wale wanaocheza ndani ya Afrika. Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji, na mwaka 2020 akafika Aston Villa ya Uingereza. Mtanzania mwenzake Thomas Ulimwengu naye alikuja Mazembe akiwa bado mdogo. Kutoka Zambia walikuja kina Rainford Kalaba na Nathan Sinkala, kutoka Ghana kina Solomon Asante na Daniel Adjei. Wengi wao walijenga jina lao wakiwa na jezi nyeupe na nyeusi.

Papa wa Kapata husema wachezaji wa namna hiyo ni kama mche: unaununua kwa bei ya mche, unauza matunda. Anayenunua mti uliokwisha kuzaa analipa bei ya matunda yaliyoliwa na wengine.

Chungu ni hili. Baada ya mechi zile Simba walipeleka malalamiko kuhusu beki Janvier Bokungu, kwamba karatasi zake za kucheza Mazembe hazikuwa sawa kwa sababu ya mkataba wake na Espérance ya Tunis. CAF ilikubali. Bingwa wa Afrika mara mbili mfululizo akatolewa mashindanoni, na sababu haikuwa balo. Sababu ilikuwa karatasi.

Sasa angalia njia ilivyogeuka. Februari 2023, katika Kombe la Shirikisho, Yanga waliifunga Mazembe 3-1 Dar es Salaam. Aprili wakaja Lubumbashi wakaifunga 1-0. Mazembe walimaliza kundi wakiwa wa mwisho, Yanga wakaenda mpaka fainali. Na katika kikosi cha Yanga cha msimu ule walikuwemo nani? Fiston Mayele, Djuma Shaban na Yannick Bangala, Wakongomani watatu waliowahi kuchezea AS Vita ya Kinshasa. Mayele alimaliza akiwa mfungaji bora wa mashindano, na baadaye, mwaka 2025, akachukua Ligi ya Mabingwa na Pyramids ya Misri. Msimu wa 2024-2025 Mazembe na Yanga wakakutana tena: 1-1 Lubumbashi, 3-1 Dar es Salaam. Safari hii Yanga walikuwa na Maxi Nzengeli aliyetoka Maniema Union, na Chadrack Boka aliyetoka hapa hapa kwa jirani, Saint-Éloi Lupopo.

Kila mtu wa Kapata anajua malori yanayotoka Kolwezi na shaba. Yanapita Likasi na Lubumbashi, yanavuka Kasumbalesa, yanakata Zambia na kufika bandari ya Dar es Salaam. Zamani Samatta na Ulimwengu walikuja kwa kupita upande wa pili wa njia hiyo. Leo wachezaji wanaifuata shaba. Kinachotoka ni kibichi, na kinachotengenezwa kinauzwa na wengine.

Hakuna wa kuwalaumu vijana hao. Mchezaji anataka mechi na anataka mshahara. Tanzania ilisaini mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha ligi yake kwenye televisheni ya Azam, na klabu zinajua pesa hiyo itakuja. Hapa kwetu Kongo ligi ya msimu wa 2022-2023 ilisimamishwa bila bingwa. Kijana wa miaka 22 akikaa msimu mzima bila mechi za kuhesabika, hakuna atakayemrudishia mwaka huo. Anayetaka kujenga timu upya aanze kwa kumhakikishia mchezaji mambo mawili: mechi zitakuwepo, na mwisho wa mwezi utakuwa mwisho wa mwezi.

Kupanda haraka, kushuka haraka

Wapo watakaosema: lakini Mazembe walijenga upya, na kwa haraka! Ni kweli. Mwaka 2023 Lamine N'Diaye, yule yule wa 2010, alirudi. Timu iliyokuwa imemaliza kundi la Shirikisho ikiwa ya mwisho ikapita kundi la Ligi ya Mabingwa pamoja na Mamelodi Sundowns, ikaitoa Petro ya Luanda, ikafika nusu fainali ya 2024. Al Ahly walitoka sare 0-0 Lubumbashi, kisha wakashinda 3-0 Cairo. Mwaka huo Mazembe walichukua pia ubingwa wa Kongo. Watu waliimba tena.

Miezi kadhaa baadaye timu ikawa ya mwisho katika kundi lake. Hapo ndipo papa wa Kapata anaponyoosha kidole. Kwake, ekipi ya 2024 ilipigwa kama hema. Hema linasimama siku moja na linafaa, lakini upepo wa kwanza unalichukua. Kilichokosekana ni msingi wa kuchukua nafasi ya kila anayeondoka. Nyuma ya beki wa kushoto awepo kijana wa miaka 19 anayengoja zamu yake, na nyuma ya huyo wa miaka 16 anayemwangalia. Klabu ya namna hiyo ikiuza mtu, hailii.

Mfano wa kujenga nyumba ya kudumu hauko mbali; uko ndani ya klabu ile ile. Timu ya wanawake ya Mazembe ilikwenda Ligi ya Mabingwa ya Wanawake mwaka 2022 ikaishia kwenye kundi. Mwaka 2023 haikuwemo. Haikuvunjwa. Chini ya kocha Mmoroko Lamia Boumehdi ilirudi mwaka 2024, na Novemba 23, kule El Jadida, ikaifunga AS FAR ya Morocco 1-0 katika fainali, mbele ya watu wa nchi yao. CAF ikamchagua Boumehdi kocha bora wa mwaka wa timu za wanawake. Mwanzoni mwa 2025 mmoja wa wasichana hao, Merveille Kanjinga, akaenda Paris Saint-Germain. Ukoo ni mmoja na rangi ni zile zile. Tofauti ni kwamba wasichana walikubaliwa kushindwa mwaka mmoja bila kufukuzwa.

Nani anakua

Swali la tatu ndilo linalogusa Kapata. Mazembe wana shule yao ya mpira, Akademia ya Katumbi, na kuna CS Don Bosco inayowalea vijana kabla hawajapanda. Jackson Muleka, mtoto wa Lubumbashi, alilelewa katika njia hiyo, akafunga mabao Mazembe, na mwaka 2020 akauzwa Standard ya Liège. Njia ipo. Lakini mlango wake uko Lubumbashi, na kutoka Kapata mpaka Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 300. Mtoto wa mchimbaji hana nauli ya kwenda kujaribu bahati.

Hata mpira wa kikapu unasema habari ile ile. Bismack Biyombo na Oscar Tshiebwe wote walizaliwa Lubumbashi. Biyombo alichaguliwa wa 7 kuingia NBA mwaka 2011. Tshiebwe alitajwa mchezaji bora wa vyuo vikuu vya Marekani mwaka 2022. Wote wawili waliondoka wangali vijana wadogo, na ukubwa wao ulitengenezwa kwa watu. Mwaka huo huo wa 2022 klabu ya Lubumbashi, Espoir Fukash, ilikwenda Cairo kucheza Ligi ya Kikapu ya Afrika na haikupata tiketi ya hatua ya mwisho kule Kigali. Ardhi inazaa majitu, klabu zinabaki fupi. Anayekua haonekani mpaka awe amekwisha kuvuka mpaka.

Watu wengi hudhani kulea mtoto ni sadaka. Hapana, kuna pesa ndani yake, na sheria imeandikwa. FIFA inasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine akiwa bado na mkataba, asilimia 5 ya bei yake inagawiwa kwa klabu zote zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Kwa kila msimu kati ya miaka 12 na 15, klabu inapata asilimia 0.25 ya bei. Kwa kila msimu kuanzia miaka 16, asilimia 0.5.

Tufanye mtoto wa Kapata amecheza timu ya mtaa wake kuanzia miaka 12 mpaka 15, misimu 4. Akiwa na miaka 21 anauzwa Ulaya kwa dola 1,000,000. Timu ya mtaa inastahili dola 2,500 kwa kila msimu, jumla dola 10,000. Na akiuzwa tena kwa njia hiyo, hesabu inaanza tena. Kwa dola 10,000 unanunua mipira, jezi, nyavu, unalipa nauli za msimu, na inabaki. Papa wa Kapata hajawahi kuona hata franka moja ya namna hiyo. Si kwamba hajalea. Ni kwamba timu yake haijaandikwa kwenye shirikisho, na watoto wake hawajaandikwa ndani ya timu. Anaandika majina yao kwa kalamu kwenye kaye la shule. FIFA haisomi kaye.

Karatasi ya mtoto

Kuna mvulana mmoja katika kundi lake, mguu wa kushoto, miaka 13. Mgeni mmoja aliyempita akicheza alisimamisha pikipiki, akauliza ni wa nani. Baadaye akasema anaweza kumpeleka kujaribiwa Lubumbashi, alete tu akti ya kuzaliwa. Mama wa mtoto alikaa kimya. Familia ilikuwa imehamishwa mara moja na kuhama yenyewe mara ya pili. Katika kuhama huko godoro lilifika, sufuria zilifika, karatasi hazikufika. Na kwa mdogo wake mvulana, karatasi haikuwahi kuwepo.

"Papa, mtoto mwenyewe si huyu hapa?" mama aliuliza. "Wanataka nini tena?"

"Mama, wanamtaka huyu aliye kwenye karatasi," papa akamjibu. "Huyu aliye hapa hawamjui."

Si jambo la kuchekesha. Klabu kubwa iliyotolewa mashindanoni mwaka 2011 kwa sababu ya karatasi za mchezaji mmoja haitacheza kamari na mtoto asiye na tarehe ya kuzaliwa. Mtoto bila akti haaminiki umri wake. Na hata akipita kwa mlango wa nyuma kwa tarehe ya kutungwa, siku akiwa mkubwa tarehe hiyo itamkamata yeye, si aliyeitunga.

Sheria ya Kongo iko wazi. Mtoto anatakiwa kuandikishwa katika ofisi ya hali ya raia ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, na kuandikishwa huko ni bure. Siku 90 zikipita, inabidi kupitia hukumu ya mahakama ndipo akti itolewe. Hapo kuna safari, kungoja, na pesa inatoka. Kwa familia iliyohamishwa, inayoanza na bati na milango, karatasi huonekana ni jambo la kesho. Lakini karatasi hiyo ndiyo ya shule, ndiyo ya mtihani wa taifa, na ndiyo ya mpira.

Mfuko wa mtu mmoja

Kuna wanaopinga haya yote kwa neno moja: njaa. Wapenzi wa Badiangwena hawawezi kungoja miaka mitano. Na kama Moïse Katumbi, aliye rais wa klabu tangu 1997, ana uwezo wa kununua, kwa nini asinunue?

Wazee wa Kapata wanajua jibu, kwa sababu waliliishi. Kambi hii ilikuwa ya Gécamines. Kampuni ilijenga nyumba, ililipa shule na hospitali, na ilibeba michezo. Kila kitu kilitoka mfuko mmoja. Mfuko ulipotoboka, vyote vilianguka pamoja. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika ule mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, na wengi wao mpaka leo wanauliza hiari ilikuwa ya nani. Tangu siku hizo mzee wa Kapata akisikia kwamba kitu kizuri kinamtegemea mtu mmoja au kampuni moja, anatikisa kichwa. Hapingi wema wa mtu huyo. Anauliza tu: na siku akichoka?

Kwa hiyo kujenga kikosi kutoka chini si anasa ya kungoja. Ni namna ya klabu kuwa na shamba lake, ili mwaka ambao mfuko ni mwepesi bado kuna cha kuvuna. Mazembe wanaweza kununua wageni 3 au 4 wazuri, wenye miaka 18 mpaka 21, katika nafasi ambazo kweli hazina mtu. Waliobaki watoke Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Kasai na Tanganyika. Hapa Kolwezi kuna Manika, Simba na Blessing, na kuna Sitade Dominique Diur. Klabu kubwa ikileta watu wake hapa mara mbili kwa mwaka kuangalia watoto wa mitaa, kwa tarehe inayojulikana na bila kulipisha mzazi, itapata wengi bila kuuza ng'ombe.

Na Kapata nayo ina kazi yake, haingoji Lubumbashi. Timu za mtaa ziandikishwe kwenye chama cha mpira cha jiji, hata kama ni timu mbili zikiungana kuwa moja ili gharama ipungue. Kila mtoto awe na fomu yake na picha yake, msimu kwa msimu, nakala moja ikae kwa kocha na nyingine kwa mzazi. Asiyekuwa na akti, wazazi wake wasiende mmoja mmoja. Familia kumi zikienda mahakamani pamoja, zikiwa na mashahidi wao na mkubwa wa mtaa, zinasikilizwa kwa urahisi kuliko mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni. Mzazi asimpe mtu yeyote pesa ya "kumpeleka mtoto Ulaya". Klabu ya kweli haiombi pesa kwa mama anayeuza mikate.

Mvulana wa mguu wa kushoto bado anacheza kila jioni. Mama yake na mama wengine saba wameanza kukusanya majina ya mashahidi waliokuwa majirani zao kabla ya kuhamishwa, waliotawanyika sasa pande zote za Kolwezi. Mwenye kusikia habari hii na aliyekuwa jirani wa familia iliyopotelewa na karatasi, akubali kwenda kushuhudia. Na aliyezaa mwezi huu asingoje kuhama kuishe: siku 90 zinahesabiwa tangu siku mtoto alipozaliwa.